Siku Tuliyolikandika Duka la Metrine

Metrine hawezi kulala kwenye chumba ambacho hajakipikia uji. Nasema ninachokijua, maana tumeishi chumba kimoja hapa Satwa, Dubai, kwa miaka mingi, kitanda chake juu, changu chini. Siku aliyohamia, mizigo ikiwa bado mlangoni, hajauliza hata kitanda chake ni kipi, alikuwa ameshachomeka jiko dogo la umeme na kuanza kukoroga uji wa wimbi, yaani ulezi. Nikamwambia, dada, huku watu husalimiana kwanza. Akacheka, akanikabidhi kikombe. Mimi ni Severina, Mtanzania wa Songea, fundi cherehani, na hasira zangu ziko karibu; siku ile nilitaka kukikataa. Lakini ile harufu ya wimbi ilinikuta pabaya. Nilikinywa, nikaomba kingine.

Baadaye ndipo nilipopata kisa chenyewe, na tangu hapo nimekisikia mara nyingi mpaka naweza kukisimulia kumshinda yeye.

Metrine ni mtoto wa skimu. Wazazi wake walitoka Maragoli, kule Kenya magharibi, ambako ardhi imebana kiasi kwamba ukipiga chafya jirani wa tatu anakuitikia. Serikali ilipokata mashamba makubwa ya upande wa Lugari na kuwagawia watu vipande, baba yake alipata kimoja. Kilikuwa pori la vichaka, visiki na vichuguu vya mchwa. Akauza alichokuwa nacho, akapakia mke, watoto na kuku kwenye mkokoteni wa ng'ombe, wakaenda kuanza maisha mahali ambapo hata njia ya kwenda mtoni ilibidi waikate wenyewe kwa panga.

Skimu ilikuwa na sharti moja kubwa: uwe unaishi pale. Ofisa aliyesimamia ugawaji, ambaye watu walimwita bwana skimu, angepita shamba kwa shamba. Akikuta pori tupu, kipande anapewa mwingine, na hao wengine walikuwa wengi, wengine wamesimama barabarani kabisa wakingoja. Sasa mvua ikachelewesha mambo, ng'ombe mmoja akaugua, na familia ya Metrine ikawa bado inalala chini ya turubai lililofungwa kwenye mkokoteni. Ndipo jirani mmoja akaja mbio asubuhi: bwana skimu yuko njiani, atafika huku leo.

Hapo ndipo Metrine husimama akisimulia. Hawezi kukaa. Watu wa skimu, ambao miezi michache nyuma walikuwa hawajuani, walitoka kila upande. Wanaume wakasimamisha nguzo na kufunga fito. Wanawake wakavunja kichuguu, wakamwaga maji, wakakanyaga udongo kwa miguu wakiimba. Watoto wakabeba. Kuta zikakandikwa, kibaraza kikakandikwa, na paa likawa limeezekwa nyasi upande mmoja tu pikipiki ya bwana skimu iliposikika. Mama yake akaingia ndani, akawasha moto kwa kuni mbichi, akamweka Metrine, mtoto wa miaka sita, mbele ya mafiga. "Puliza!" Akapuliza, machozi yanamtoka, moshi ukafumuka juu kupitia ile nusu ya nyumba isiyo na paa. Bwana skimu akauona moshi toka barabarani, akakata kona.

Wakamtolea kiti, kiti pekee walichokuwa nacho. Hakukikalia. Akaenda kuketi kwenye kibaraza, ambacho udongo wake ulikuwa bado unateleza, akanywa uji uliokuwa jikoni, akaandika kwenye makaratasi yake kwamba hapa pana watu, akaondoka. Alipogeuka kupanda pikipiki, suruali yake ya kaki ilikuwa na duara kubwa la matope.

"Bwana skimu aliondoka na shamba letu matakoni!" baba yake Metrine alikuwa akisema kila Krismasi, na nyumba nzima ilikuwa ikianguka kwa kicheko. Ofisa mzima, msomi, kadanganywa na moshi wa kuni mbichi! Kiti kipo, yeye akalie matope! Metrine alikua na kisa hicho. Aling'oa visiki, alifuata jembe la ng'ombe, alikwenda shule miguu mitupu na kurudi kuchota maji, na moyoni alijua kwamba mama yake ndiye mwanamke mjanja kuliko wote Lugari.

Alipomaliza sekondari alikaa nyumbani miaka michache, akalima, akaona kipande cha baba hakiwezi kugawanyika tena kwa ndugu wote, akaja Dubai. Ulinzi. Ameshinda miaka na miaka kwenye lango la jengo moja la Silicon Oasis, amevaa sare, anawafungulia watu wenye kompyuta mgongoni na kuwaambia "Good morning, sir, good morning, madam." Kila chumba alichohamishiwa alipika uji. Na kwa sababu unga wa wimbi wa dukani haukumridhisha, alianza kuagiza nafaka na kuzisaga mwenyewe kwenye blenda. Blenda za watu. Ya kwangu aliiua, ya jirani akaiua, chumba kizima kikanuka nyaya zilizoungua. Tulimgombeza, halafu tukanywa uji.

Walinzi wenzake wakaanza kuulizia. Wakenya wakataka wimbi, sisi Watanzania tukataka dona, Waganda wa saluni ya Prossy wakataka mtama. Metrine akaona jambo. Akasema anataka mashine ya kusaga, ya kweli, ya mawe, na duka la kuiweka, hapa hapa Satwa. Nilimwambia ana wazimu. Akaniambia, "Seve, baba yangu alianza na turubai."

Ikamchukua muda mrefu, lakini alipata. Mashine kuukuu alikuta kwenye ghala moja Ras Al Khor, imejaa vumbi. Leseni ikatoka. Mwenye chumba cha duka, Mwarabu wa makamo anayeitwa Saif, alikuwa na nafasi iliyoachwa na dobi, kwenye uchochoro nyuma ya maduka ya mafundi wenzangu. Ila Saif alikuwa amechoshwa. Mara mbili alikuwa amewakabidhi watu chumba kile, wakabandika karatasi kwenye kioo na kukifunga, wakingoja kumkodisha mtu mwingine. Na kulikuwa na muuza simu aliyekuwa akikitaka kwa udi na uvumba, anampigia kila siku. Kwa hiyo Saif akampa Metrine ufunguo Alhamisi jioni na maneno machache.

"Jumapili baada ya sala ya alasiri nitapita. Nikikuta kazi inafanyika, nasaini mkataba, duka ni lako. Nikikuta karatasi kwenye kioo, khalas, nampa mtu wa simu."

Metrine alirudi chumbani anatetemeka, na mimi nikadhani ni hofu. Kumbe ni furaha! Alipanda kitandani kwake, akashuka, akapanda tena. Ijumaa na Jumamosi alikuwa zamu na mimi nilikuwa na nguo za harusi za watu. Ilibaki Jumapili yenyewe, siku yetu ya mapumziko, tena nusu yake tu.

"Tunalikandika," akasema.

"Tunakandika nini?"

"Duka. Siku moja. Vile tulifanya skimu."

Na hapo akanieleza sharti ambalo katika kisa chote hakuwa amewahi kunitajia. Siku ya kukandika, mwenye nyumba haruhusiwi kugusa udongo. Kazi yake ni kuleta maji na kupika, na kutumwa. Watu wa skimu walilishika sana sharti hilo, kwa sababu mwenye nyumba ana wasiwasi, anataka kumaliza, na ukuta aliougusa yeye ndio unaopasuka kwanza. "Kwa hivyo mimi sitashika kitu," akasema, "na wewe ndiye utanichunga." Nilikubali nikijua kabisa nimepewa kazi ngumu kuliko zote.

Basi Jumapili ikaja. Januari, hewa nzuri ya kufanyia kazi. Sijawahi kuona uchochoro ule vile! Zadock, mkubwa wa walinzi wa lindo la Metrine, alikuja moja kwa moja toka zamu ya usiku na wenzake, sare bado mwilini, viatu vinang'aa, wakaisukuma mashine kutoka kwenye gari kwa kuhesabu kama gwaride. Prossy akaja na wasichana wake wa saluni, wamejifunga mitandio, kila mmoja na rola ya rangi. Mafundi cherehani wenzangu wakasugua sakafu mpaka madoa ya dobi yakaomba msamaha. Elias, Mtanzania mwenzangu wa Mbeya anayefunga umeme maghalani Ras Al Khor, akaingia na sanduku lake la vifaa na kutoa amri kwamba asiongeleshwe. Mtu akaanzisha wimbo wa Kiluhya, Waganda wakauitikia kwa maneno yao, na mimi ambaye siimbi nikajikuta naimba.

Bi Joha alitokea katikati ya kelele hizo. Huyu ni mama mtu mzima wa Unguja, kaletwa Dubai akiwa msichana, anakaa nyumba ya zamani iliyobaki hapo nyuma. Alikuja kulalamika.

"Jamani, n'nyi mnavunja mji ama mnajenga? N'na kichwa kinaniuma tangu asubuhi."

"Shikamoo Bi Joha. Tunafungua duka la kusaga unga," nikamwambia.

"Marahaba. Unga gani?"

"Mtama, wimbi, mahindi."

"Mtama," akasema. Halafu akaingia ndani, akazunguka, akatuambia kwamba kona ile haijasuguliwa. Hakutaja kichwa tena.

Rangi tuliyopaka ni ya kijani. Metrine aliichagua, ya majani ya mahindi machanga, na nakiri ilikuwa inapendeza. Yeye mwenyewe alikuwa nyuma, kwenye jiko la gesi, anakoroga sufuria ya uji na sufuria ya maharage, na kila nikigeuka namkuta kasogea hatua moja karibu na ukuta.

"Seve, wacha nishike brashi kidogo tu."

"Rudi kwenye sufuria."

"Hapo juu mmeruka."

"Metrine! Sharti ni lako mwenyewe!"

Anacheka, anarudi, anasogea tena. Nilimfukuza kutoka kwenye brashi, kutoka kwenye ngazi, kutoka kwenye ndoo. Nilikuwa mlinzi kuliko walinzi. Lakini chakula cha watu wote wale kilihitaji kupakuliwa, nikamwacha bila macho kwa muda wa kugawa sahani.

Tulikula tumesimama. Baada ya kula Elias akaunganisha nyaya, akafunga mfuniko, akasema yuko tayari. Wote tukajaa mlangoni. Zadock akashika simu kupiga picha ya video. Metrine akamwaga kopo la mtama kwenye mdomo wa mashine. Elias akabonyeza swichi.

Mashine ikanguruma, tukapiga vigelegele. Halafu tukaona mtama hauendi popote. Umekaa juu unarukaruka tu. Mota ilikuwa inazunguka kinyume! Elias akapiga kelele "Zima!", lakini kabla hajafika swichi mkanda ulichomoka, ukagonga ukuta, ukaanguka sakafuni umechanika.

Elias akaifikia swichi, akazima.

"Haiwezekani," Elias akasema. "Hizi nyaya niliziwekea alama. Utepe mwekundu, utepe wa njano. Nilipomaliza kula sikuziona, nikaunganisha kwa kukumbuka. Ziko wapi tepe zangu?"

Metrine akafungua kiganja. Ndani yake kulikuwa na vijipande vya utepe vimekunjamana.

"Nilidhani ni takataka," akasema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa nafuta vumbi tu. Kidogo tu."

Nilitaka kumpiga! Kusema kweli nilitaka kumpiga na kumkumbatia kwa pamoja. Kagusa. Pamoja na ulinzi wangu wote, kagusa, na ukuta wake umepasuka. Elias hakumgombeza, alimtazama tu, akafungua tena mfuniko wa mashine, akakusanya mkanda uliochanika, akaupima kwa shubiri. "Kuna maduka ya vipuri Ras Al Khor yako wazi. Nikipata teksi nitarudi. Nyaya nazibadilisha kwa dakika chache, shida ni huu mkanda." Akatoka mbio na sanduku lake.

Adhana ya alasiri ilisikika akiwa hajafika hata kwenye barabara kubwa.

Sasa fikiria hali ilivyokuwa. Rangi mbichi. Mashine tumbo wazi. Mtama juu yake mzima mzima. Na Saif atatoka msikitini muda si mrefu, atataka kukuta kazi. Watu walianza kushauriana wote kwa pamoja: tumpigie simu aahirishe, tumwambie umeme umekatika, tufunge mlango tujifiche. Zadock akasema tumkaribishe chakula kwanza. Metrine alisimama katikati ya chumba hasikii hata mmoja wetu. Macho yake yalikuwa kwenye ule mtama.

"Kuni mbichi," akasema.

"Nini?"

"Seve, hapa tunahitaji moshi." Akageuka. "Bi Joha! Wewe uko na kinu?"

Bi Joha alimtazama kama kaulizwa kama ana kichwa. "Kinu cha marehemu mama. Nilikuja nacho toka Unguja. Kipo uani."

Walinzi wawili walikwenda kukibeba. Kilikuwa kizito, cheusi, kimelainika mdomoni kwa miaka, na mchi wake mrefu kuliko Prossy. Tukakiweka mlangoni kabisa, pale ambapo mtu wa uchochoroni hawezi kutokukiona. Metrine akakinga gunia chini ya mdomo wa mashine, akaupakua mtama wote, akaurushia maji kidogo, akavua viatu.

Hapo nilifungua mdomo kumkumbusha sharti lake, nikaufunga. Sharti lilikuwa limeshavunjika. Acha aguse.

Jamani, yule mwanamke anatwanga! Mimi nimemjua akifungua milango na kusema good morning. Sikuwahi kumwona hivi. Anaurusha mchi juu, anapiga kofi moja katikati ya hewa, anaudaka, anaushusha, na sauti inaingia mpaka kwenye nyayo. Bi Joha akachukua chekeche, akachekecha. Nikampokea Metrine mchi, Prossy akanipokea mimi, mchi ukawa haulali. Unga ukaanza kutoka. Mweupe unaoelekea wekundu, una joto. Watu waliokuwa wakipita uchochoroni wakasimama. Mmoja, mpishi wa Kihindi wa mgahawa wa kona, akauliza bei. Wasichana wa Prossy wakaimba kwa nguvu, na nina hakika sauti zilifika barabarani.

Saif akatokea. Na hakuwa peke yake. Pembeni yake alitembea muuza simu, na mkononi mwake, sisemi uongo, alikuwa na futi ya kupimia. Alianza kupima upana wa mlango hata kabla hatujasalimiana. Nilitamani kuitwaa ile futi nimfunge nayo mdomo.

"Salam alekum," Saif akasema. "Mashine iko wapi?"

"Karibu, sir," Metrine akasema, jasho linamtiririka, unga kwenye nyusi. "Mashine iko ndani. Fundi amefuata mkanda. Kazi inaendelea."

Saif akaingia. Kanzu yake nyeupe ilikuwa imepigwa pasi hivi kwamba mishono yake niliihesabu kwa macho ya fundi. Mimi nikamkimbilia na kiti cha plastiki, kiti kizuri tu, nikakipangusa. Hakukikalia. Alizunguka. Akatazama mashine na tumbo lake wazi. Akatazama ndoo za rangi tulizozisukuma nyuma ya pazia, ambalo halikufika sakafuni. Akatazama sufuria ya uji. Bi Joha akamwambia kitu kwa Kiarabu, kirefu, huku anachekecha, na Saif akajibu kwa heshima, akashika unga kidogo kwa vidole na kuunusa.

Kisha akaegemea ukuta. Bega zima. Ukuta wa kijani ambao Prossy aliumalizia muda mfupi tu uliopita.

Nilishika mdomo. Prossy alishika mkono wangu. Metrine alikuwa amempa mgongo, anatwanga, hakuona.

Saif akajitenga na ukuta. Akapeleka mkono begani, akatazama vidole vyake. Vya kijani. Nilikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote na niliona uso wake vizuri: haukubadilika hata kidogo. Akatoa leso mfukoni, akavifuta kidole kimoja kimoja, akairudisha.

"Rangi nzuri," akasema. "Nipimie kilo moja."

Metrine akampimia. Saif akachukua mfuko, akamgeukia yule wa simu aliyekuwa bado ameinama na futi yake mlangoni. "Khalas. Hapa pana watu." Akamwambia Metrine mkataba ataletewa kesho, akaaga, akaondoka na muuza simu akimfuata nyuma, anaongea kwa mikono miwili. Kwenye kanzu ile, toka bega mpaka karibu na kiwiko, kulikuwa na kijani cha mahindi machanga. Mimi nawaambia kama fundi: rangi ile haitoki kwenye kitambaa kile, hata afue mara ngapi.

Tulipasuka! Vigelegele, Zadock na walinzi wake wanarukaruka wameshikana mabega, Bi Joha anacheka mpaka chekeche limemwagika. Metrine alikaa chini sakafuni, miguu kaitandaza, analia na kucheka. Ndipo wasichana wa Prossy wakaanza kumwonyesha, huyu anaigiza Saif, yule anaigiza ukuta. "Ameenda na duka begani! Hata hajajua!"

"Amejua," nikasema.

Wakanigeukia.

"Amejua. Nilikuwa hapa. Ameshika, ameona vidole, amefuta. Ndoo ameziona, mashine ameiona. Amejua kila kitu."

Kicheko kilimtoka Metrine usoni taratibu, na kilichokuja mahali pake sikuwahi kukiona kwake. Akaomba simu, akampigia mama yake Lugari. Mama akatokea kwenye kioo na kilemba chake, nyuma yake kuku na mwanga wa jua la mchana.

"Mama, nimepata duka."

"Ashukuriwe Mungu! Umepika uji?"

"Nimepika. Mama, sikiza. Yule bwana skimu. Siku ile. Kiti mlimpa?"

"Si nilimpa! Kiti kizuri cha baba yako. Akaenda kukaa kwenye matope, yule mjinga…"

"Mama. Mtu anaweza kukalia matope asisikie?"

Uso wa mama ulikuwa umesimama kwenye kioo mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha nikaona mkono wake ukipanda polepole na kufunika mdomo.

"Wee," akasema. "Wee Metrine. Alikiona kiti." Akashusha mkono. "Alikaa kwa matope makusudi, ili aonekane hajayaona."

"Ndiyo, mama."

"Na sisi tumemcheka. Krismasi zote hizo. Baba yako amekufa akimcheka." Akajifuta macho. "Hata jina lake hatukuuliza."

Walilia wote wawili, huku na kule, na sisi tuliozunguka simu ile tukalia pia, hata Zadock, ambaye alisema ni vumbi la unga. Lakini hakikuwa kilio cha huzuni hata kidogo. Mama ndiye aliyeanza kucheka tena, na akatuamuru sote tunywe uji.

Elias alirudi na mkanda akihema, akatukuta na macho mekundu, akadhani tumenyang'anywa duka. Tulipomweleza hakuelewa nusu yake. Akabadilisha nyaya, akavisha mkanda, akabonyeza, na mashine ikanguruma upande unaotakiwa. Unga ukamiminika laini, mwingi, na Metrine akauingizia mikono yote miwili mpaka viwiko.

Jioni Elias aliliona lile doa ukutani, pale bega la Saif lilipofuta rangi mpaka ukuta wa zamani ukaonekana. Akachukua brashi alipake rangi.

"Wacha," Metrine akasema. "Baba alipakandika tena pale kwenye kibaraza alipokalia bwana skimu, siku hiyo hiyo. Alisema panaonekana vibaya."

Elias akaweka brashi chini. Doa liko pale mpaka leo, nyuma ya mizani, kwenye kimo cha bega la mtu. Wateja wapya humwambia Metrine kwamba fundi wake wa rangi alimwibia, na yeye huwapa kiti na kuwamiminia uji.